Kompyuta Iliyongoja Jibu

Kompyuta iliwaka yenyewe kabla mtu hajaigusa.

Inspekta alikuwa bado mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, akikikagua chumba kwa jicho lake lile la kutafuta kasoro, mara taa nyekundu ikawaka chini ya meza, feni zikaanza kuvuma, na mwanga wa buluu ukapanda ukutani. Kiti kilikuwa kitupu. Hedifoni zilikuwa zimevishwa juu ya mgongo wa kiti, mahali ambapo kichwa cha mtu kingekuwa, na kwa kitambo kidogo macho yake yalimdanganya, akaona kichwa.

"Si nilikwambia?" alisema mama mwenye nyumba nyuma yake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea. "Kila jua likizama. Anakuja, anakaa kidogo, anaondoka."

Fundi wa kompyuta, jamaa mnene wa makamo aliyekubali kuja baada ya kubembelezwa sana, alikuwa ameshaurudisha mkoba begani. Alisema yeye aliitwa kutengeneza kompyuta, si kupunga mapepo, na kwamba kama ni mambo hayo basi anaye mjomba wake mwenye ujuzi, namba ya simu atatoa bure. Inspekta alimsukuma ndani kwa kiganja.

"Kaa hapo," alimwambia. "Jini gani anayehitaji umeme?"

Kituoni waliiita kesi ya jini la kompyuta, na kila ilipotajwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Inspekta hakucheka. Si kwamba aliamini majini, hasha. Ila kwake yeye kitu kinachotokea kila siku wakati uleule kimepangwa na mtu, kwa maana mizimu haina ratiba. Wenzake walimwita Bi Polepole kwa tabia hiyo ya kurudi kwenye jambo ambalo kila mtu amekwisha kulifunga.

Mwenye chumba alikuwa mtoto pekee wa mama yule. Alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, na ndiyo sababu wenzake walimbatiza Sisimizi. Watu wana utani wao. Mchana alifunga vioo vya madirisha kwenye majengo mapya. Jioni alicheza gemu na wenzake wanne, kila mmoja kwao, wakisikilizana kwa hedifoni, wakijinoa kwa mashindano. Jioni moja, katikati ya mazoezi, aliwaambia wenzake, "Ngojeni kidogo," akavua hedifoni. Hakurudi. Kesho yake ujumbe ukaja kutoka kwenye simu yake, kwa mama na kwa timu: amepata kazi mbali, wasimtafute, atapiga akitulia. Kisha simu ikazimwa, na wiki zikaanza kupita.

Kituoni walisema kijana ni mtu mzima, kajiendea zake, atarudi njaa ikimkumbusha nyumbani. Mama yake alikataa katakata. Alisema mwanawe hawezi kuondoka bila viatu, na viatu vyake vya kazi na vya kutembelea vyote vilikuwa chini ya kitanda. Zilikosekana kandambili tu. Neno la kandambili ndilo lililomtoa Inspekta ofisini.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Wangeingia kwenye gemu kwa jina la Sisimizi, waonekane na timu yake, halafu wakae kimya wasikilize. Asiyejua yaliyompata atauliza alikuwa wapi. Anayejua hatauliza. Jicho lake lilikuwa kwa yule waliyemwita Nahodha, kiongozi wa timu, ambaye siku chache kabla ya kijana kupotea alimtukana mbele ya wote na kumwambia angemkomesha. Wa pili aliitwa Radi. Wa tatu alijiita Bibi Harusi, naye alikuwa dereva wa lori mwenye ndevu mpaka kifuani. Wa mwisho ni Kobe, mtu wa maneno machache, ambaye hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona uso kwa uso.

Tatizo ni kwamba kwenye mashine ngeni gemu lingetaka namba ya siri inayotumwa kwa simu ya kijana, na simu haikuwepo, kwa hiyo jina lake lingefunguka kwenye kompyuta yake tu, na kompyuta yake, kwa alivyosikia Inspekta jana yake, ilikuwa ikiligomea gemu. Ndiyo maana ya fundi.

"Na kaka yangu asijue," mama alikuwa amemwomba Inspekta tangu asubuhi. "Atanicheka tena."

Kaka huyo, mdogo wake wa mwisho, nyumba nzima ilimwita Mjomba, kwa kumfuata Sisimizi. Aliishi chumba cha uani, chenye mlango wa pili wa kutokea uchochoroni, na alikuwa mlinzi wa usiku kwenye karakana ya mabasi iliyofungwa, si mbali na hapo. Kila alasiri ikiisha alivaa koti, akajitundika tochi shingoni, akamuaga dada yake na kutoka. Inspekta alikwisha kumhoji jana yake. Alimngoja kwenye geti la karakana mpaka giza likawa zito ndipo Mjomba akatokea, akaomba radhi, akampa kigoda chake mwenyewe akalie. Mtu mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisema mambo ya kompyuta hayajui, hata kuiwasha hawezi, ila dada yake anajitesa na kile chuma, heri auze. Na Inspekta alipokuwa akiaga, Mjomba akaongeza, kwa wema tu, kwamba wasijisumbue nayo, haifungui hata hilo gemu lenyewe.

Basi leo walisubiri Mjomba atoke ndipo wakaingia.

Fundi alipoona hakuna kilichomrukia, alipata moyo. Alifungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akagusa vipande vya kumbukumbu kimoja kimoja kama mama anayekagua meno ya mtoto. Kumbukumbu inatosha, alisema. Diski ina nafasi. Feni zinazunguka, joto liko sawa, umeme unafika kila mahali. Alipofika kwenye kadi ya picha, ile inayochora kila kitu unachokiona kwenye gemu, alipiga mluzi. Kijana alijinyima sana kununua kitu kama hiki, alisema. Kompyuta yenyewe haina ugonjwa wowote. Ni ya kuchezea gemu lolote utakalo.

"Sasa inagoma nini?" Inspekta aliuliza.

Fundi akavuta kiti cha kijana, akasita, akaziondoa hedifoni kwanza kama mtu anayeomba kupishwa, ndipo akakaa. Kwenye kona ya skrini palikuwa na kidirisha kidogo, wala hakikuhitaji kutafutwa. Kilisema draiva mpya ya kadi ya picha iko tayari, na chini yake kuna neno moja la kubonyeza: Kubali.

"Afande, jini wako huyu hapa," alisema.

Akaeleza. Draiva ni mkalimani. Kadi ina lugha yake na gemu lina lugha yake, na draiva ndiye anayekaa katikati. Mkalimani akizeeka hawasikilizani. Wachezaji makini hawaruhusu draiva mpya iingie yenyewe, kwa sababu nyingine huja na balaa zake. Wanataka waulizwe kwanza. Sisimizi alikuwa makini. Aliiagiza kompyuta kwamba kukiwa na draiva mpya, iamke jioni muda ambao yeye hurudi kutoka kazini, imuulize, ikikosa jibu ilale, kesho iamke tena.

"Kwa hiyo kila siku inaamka, inauliza," fundi alisema, na utani ulikuwa umemtoka. "Inamngoja ajibu."

Mama alikuwa amesimama karibu na kabati, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Feni zilivuma na mwanga ule wa buluu ulimfanya aonekane mgonjwa.

Inspekta alitaka kujua imeanza lini kuuliza. Fundi alipekua kumbukumbu za kompyuta. Gemu lenyewe lilibadilishwa siku iliyofuata baada ya kijana kupotea, alisema, badiliko kubwa la dunia nzima, na siku hiyohiyo ndipo draiva hii mpya ilipotoka, maana gemu jipya halikubali mkalimani wa zamani. Akabonyeza gemu ili amwonyeshe. Skrini ikatoa maandishi meupe: draiva imepitwa na wakati, mchezo hauwezi kufunguka.

"Na jioni ile aliyopotea?"

"Jioni ile lilikuwa linafunguka bila shida. Si alikuwa anacheza?"

Inspekta alimwomba arudie, polepole. Fundi akarudia. Mpaka jioni ile gemu lilifunguka. Kuanzia kesho yake likagoma. Kwa hiyo mtu yeyote anayejua kwamba linagoma ni mtu aliyekaa kwenye kiti hiki, baada ya kijana kuondoka, akajaribu kulifungua.

"Mama, nani ana ufunguo wa chumba hiki?"

Mama alisema ni yeye na kaka yake, basi. Na yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa kufuta vumbi tu, asiguse kitu, mwanawe asije akakuta kimesogea.

Inspekta aliyameza maneno yake. Kufungua kompyuta ya mpwa si kosa la kumpeleka mtu mahabusu, na huenda kaka alitaka tu kumsaidia dada. Lakini mtu asiyejua hata kuiwasha amejuaje inachokataa? Mdomo huponza kichwa, na mara nyingi huponza kwa neno la wema.

Fundi alikuwa amepeleka mshale kwenye neno Kubali. Mama akavuka chumba haraka na kumshika mkono.

"Ukibonyeza hapo, kesho itawaka?"

Fundi akamwangalia Inspekta, kisha akaangalia kibodi. Hakuwa mtu wa kudanganya wazazi. Alisema hapana, mama. Ikishapata jibu haina sababu ya kuamka tena mpaka draiva nyingine itoke, na hiyo huenda ikachukua miezi.

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha mwanawe. Shuka lilikuwa limetandikwa kwa kunyooshwa mpaka likawa halina mkunjo. Inspekta alikaa kando yake. Angeweza kumwonyesha kibali cha polisi, alikuwa nacho mfukoni, lakini aliona haya kukitoa.

"Basi mnataka nimfukuze," mama alisema.

"Si yeye, mama. Ni kompyuta inayomuulizia. Kama wewe tu."

Mama aliutazama mwanga ule. Chozi lilimtiririka akaliacha.

"Bonyezeni," alisema. "Lakini ukimzima huyu, uniletee yule. Awe mzima, awe maiti, uniletee nimwone. Niahidi."

Inspekta hakuwa na mazoea ya kuahidi, kwa kuwa aliwahi kuona ahadi za polisi zinavyooza. Siku hiyo aliahidi.

Mama akainuka akaenda chumba cha pili, na punde cherehani yake ikaanza. Ilikuwa cherehani ya umeme ya zamani, imekula chumvi nyingi, na jino moja ndani yake lilikuwa limelika, kwa hiyo kila baada ya mishono michache iligonga: tra-tra-tra-tak. Kidogo ikanyamaza. Halafu tena, tra-tra-tra-tak. Inspekta alimfuata mpaka mlangoni. Alichoona hakikumpendeza. Mama hakuwa akishona nguo ya mtu. Alikuwa akiunganisha vitambaa chakavu, kimoja kwa kingine, utepe mrefu usio na kazi uliokwisha kujaa kapu na kumwagika sakafuni.

Alipoulizwa, mama alijibu bila kuinua kichwa. Jioni ile ya mwisho mwanawe alipita hapa, peku, kandambili mkononi, akamwekea mkono begani na kumwambia: "Endelea kushona, mama. Usiache." Alidhani ni utani, mwanawe alikuwa mtu wa utani. Akaendelea. Hakumwona tena. Basi tangu siku hiyo jua likizama hushona, kazi iwepo isiwepo, maana hilo ndilo neno la mwisho aliloachiwa.

Inspekta alirudi chumbani kwa kijana. Alilitia neno lile akilini pamoja na mengine, ingawa hakujua bado pa kuliweka.

Fundi akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi tii, na kwa muda uliozidi kidogo uvumilivu wa watu wawili hapakuonekana kitu ila nyuso zao kwenye kioo. Kisha ikarudi, rangi zimekolea. Fundi alijaribu sauti, maiki, kasi ya picha, akasema mambo yote shwari, kompyuta iko tayari, mkalimani mpya kaingia kazini. Alivaa hedifoni za Sisimizi, akampa Inspekta za kwake, akazichomeka zote kwa waya wa kugawa sauti. Inspekta alimkumbusha asiseme neno, hata akipigwa na radi.

Gemu likafunguka.

Wachezaji hukutana kwanza kwenye ua wa mawe, wakisubiriana. Wanne walikuwepo tayari, askari wa kuchorwa wenye silaha migongoni. Mtu wa Sisimizi akajitokeza katikati yao, mdogo kuliko wote, amewapa mgongo, kama alivyoachwa siku ile. Upepo wa gemu ulipeperusha kitambaa chake cha shingoni. Inspekta alihesabu pumzi zake mwenyewe.

Kisha Bibi Harusi akapiga ukelele wa furaha uliomuumiza masikio. Radi akauliza alikuwa wapi huyu mshenzi, wamemtafuta mpaka basi. Na Nahodha, ambaye Inspekta alikuwa amemlenga tangu mwanzo, akalia waziwazi, mtu mzima na sauti yake nzito.

"Nilijua umeondoka kwa sababu yangu," alisema. "Yale matusi, ndugu yangu. Nisamehe. Sema neno basi."

Inspekta akalifuta jina lake kichwani. Mtu haombi msamaha namna ile kwa maiti aliyemficha mwenyewe.

Kobe hakuuliza kitu. Askari wake alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Lakini pembeni ya jina lake alama ndogo ya maiki ilikuwa imewaka. Fundi akaionyesha kwa kidole, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu na kumwonyesha Inspekta: amekishikilia kitufe cha kuongea. Kidole kimemganda.

Wakasikiliza. Palikuwa na pumzi, nzito, ya mtu aliyeziba mdomo kwa mkono. Nyuma ya pumzi palikuwa na kitu kingine, mbali, kinakwenda na kusita. Tra-tra-tra-tak.

Inspekta alidhani anasikia ya chumba cha pili. Akavua hedifoni. Nyuma ya ukuta, cherehani ya mama ilikuwa ikienda: tak. Akavaa. Ndani ya hedifoni, tak ileile ikafika, imechelewa kama mtu anayeitikia. Akavua tena, akavaa tena. Cherehani zilikuwa mbili, moja ikiifuata nyingine, na ya pili ilitoka kwenye chumba cha Kobe.

Sasa aliona. Ngojeni kidogo, kijana aliwaambia wenzake, kwa sababu jioni ile Kobe aliongea, na nyuma ya sauti ya Kobe kijana alisikia mama yake anashona. Ndipo akaenda peku, akamwomba mama asiache, apate kuifuata sauti ile ajue inasikika kutoka wapi.

Alimwinamia fundi na kumwandikia kwenye kiganja kilekile neno moja. Akamtumia ujumbe koplo aliyekuwa akingoja garini, azunguke uchochoroni, asimame penye mlango wa nyuma wa chumba cha uani. Halafu akavua viatu vyake.

Kwenye mlango wa mama alisimama, akaingia, akamwekea mkono begani. Mkono ulipokwisha kutua ndipo alipotambua anachofanya, na hakukuwa na namna nyingine ya kusema.

"Endelea kushona, mama," alinong'ona. "Usiache."

Mama aliinua uso. Mguu wake ulibaki kwenye kikanyagio, na cherehani haikusimama.

Ua ulikuwa na giza la mwanzo. Mlango wa Mjomba ulikuwa umefungwa kwa kufuli kubwa upande wa nje, kama alivyouacha alipoaga kwenda kazini. Chini ya mlango ule uliofungwa palikuwa na mstari wa mwanga wa buluu. Inspekta alisogea mpaka shavu lake likakaribia mbao. Ndani mtu alikuwa akipumua, na pumzi ilikuwa ileile.

Alisubiri. Kule chumbani, neno alilomwandikia fundi lilikuwa: mgeuze. Fundi akamgeuza askari mdogo wa Sisimizi, taratibu, mpaka akamtazama Kobe usoni.

Ndani ya chumba chenye kufuli kiti kilianguka. Kitu kikavunjika, hatua zikakimbia, mlango wa uchochoroni ukafunguka kwa kishindo, na sauti ya koplo ikasikika ikisema, bila haraka, "Habari za jioni, Mjomba."

Walimleta kwa mlango wa mbele. Alikuwa na koti la ulinzi mwilini na tochi shingoni, tayari kwa zamu ambayo dada yake aliamini ilianza jua likizama, kumbe ilianza watu wakishakula. Alitembea vizuri mpaka alipofika kwenye chumba cha mpwa wake. Mlango ulikuwa wazi. Mwanga wa buluu ulijaa humo, na juu ya mgongo wa kiti zilionekana hedifoni na utosi wa mtu. Mjomba akasimama. Koplo alimvuta, hakuvutika.

"Mtoeni pale," alisema. "Mtoeni. Nilimfunika mwenyewe."

Cherehani ikanyamaza.

Mama alitokea mlangoni kwake, utepe wa vitambaa ukimburuzika mguuni. Mjomba alipomwona alikaa chini kwenye korido na kuanza kumweleza yeye, si polisi, na Inspekta alimwacha. Dada yake alikuwa amempokea baada ya gemu kumlia kazi na ndoa, kwa sharti moja tu, asiguse tena. Aliapa. Akashindwa. Akajitafutia jina la Kobe, akaingia timu ya mpwa wake, akacheza bega kwa bega naye ukuta mmoja katikati, na kijana hajui. Alijivunia kijana yule, alisema, na hapo alilia. Jioni ile alisahau kidole kwenye kitufe. Mpwa wake akaja kwa uchochoroni, akamkuta.

"Hakunigombeza, dada. Alinisindikiza kazini. Njiani akasema ananipa mpaka asubuhi nikwambie mwenyewe, la sivyo yeye atasema. Nilimwomba. Nilimshika shati nikamwomba. Tulikuwa kwenye ukingo wa lile shimo la kukagulia mabasi. Nilimsukuma tu."

Alimfunika kwa turubai na mchanga. Kesho yake alijaribu kufungua gemu kwa kompyuta ya kijana, ionekane kijana ameingia, timu ijue yu hai, nalo likamgomea. Ndipo akatumia simu. Na jioni ya tatu alirudi kucheza, kwa sababu hakujua kukaa chumbani bila kucheza.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Ulipomfunika, alikuwa ameacha kupumua?"

Mjomba aliangalia tochi yake. Koplo alimngojea ajibu, Inspekta alimngojea ajibu. Mwishowe wakamwinua na kumpeleka garini, na jibu hakulitoa.

Inspekta alipiga simu watu waende karakana na majembe. Ahadi yake angeitimiza usiku huohuo, na aliichukia. Aligeuka kumtafuta mama, akamkuta amesimama chumbani kwa mwanawe. Hedifoni zilikuwa mezani sasa, na sauti zilikuwa zikitoka humo, ndogo kama za wadudu. Sisimizi? Uko? Kobe katoka, nani kamtisha? Sisimizi, jibu basi.

Fundi aliondoka kwenye kiti bila kuambiwa. Mama akakaa. Kwa wiki zote zile hakuwahi kukikalia. Alivaa hedifoni zilizokuwa kubwa kwa kichwa chake, akauliza hawa watu wanasikia kwa wapi, na fundi akamwonyesha kitufe cha kushikilia.

"Mimi ni mama yake," alisema.

Sauti zote zikakatika.

"Alitaka kurudi. Aliwaambia mngoje, na mmengoja, asanteni. Mimi pia niliambiwa nisiache, sikuacha." Alivuta pumzi. "Msimngoje tena, wanangu."

Kisha Nahodha, kwa sauti iliyokauka, akasema kwamba wapo, mama, hawaendi popote. Mama hakukiachia kitufe, nao wakakaa naye hivyo, wakimsikiliza anavyopumua.

Fundi alinyoosha mkono kutaka kuizima kompyuta, akamwangalia Inspekta. Inspekta akatikisa kichwa kumkataza, akaenda kutafuta viatu vyake.